Bawaba ya Kiunoni

Mara mbili fundi milango alizungusha gongo la besiboli, na mara mbili likachapa hewa.

“Wifi, unafukuza nzi?” aliuliza mrushaji, dada wa mumewe. Mpira wa tatu ndio ungeamua nani kati yao aoshe masufuria ya ukoo mzima, nayo yalikuwa yamerundikwa pale kando yakiwa na ukoko wake.

Fundi akaitazama mikono yake. Ndiyo iliyokuwa ikihangaika peke yake, kama mtu anayesukuma mlango karibu na bawaba. Akashusha viganja hadi mwisho wa mpini, akalegeza magoti, akakifanya kiuno kuwa bawaba.

Mpira ukaja. Kiuno kikazunguka kwanza, mabega yakafuata, na gongo likaja mwisho likivuma.

Ukasikika mlio mmoja mtamu.

Wifi yake hata hakugeuka kuona mpira ulikoangukia. Alianza kukunja mikono ya gauni.