Mauser ya Mjomba Lourens

Diederik aliivuta bunduki kutoka mikononi mwa maiti, akaufungua na mkanda wa risasi. Usoni hakumtazama. Alishachoka kutazama nyuso za wafu. Huyu naye alikuwa Kaburu kama yeye, ila msaliti, mmoja wa wale waliojiunga na Waingereza wakawa wanawaonyesha njia.

Alichotaka ni bunduki tu. Asubuhi ile kamanda alikuwa amesema wazi: asiye na risasi akajisalimishe, farasi wake apewe mwingine. Kila mtu alijua anasemwa mzee Lourens Nortje, aliyeitwa Mjomba na wote, ambaye bunduki yake ya Mauser haikulia mwaka mzima.

Risasi za Mauser zilikuwa haziji tena tangu Waingereza waiteke reli iendayo pwani. Wenzake wote walishahamia bunduki za Kiingereza, maana risasi zake waliziokota njiani kila msafara wa adui ulipopita. Mzee alikataa katakata.

"Mjomba, hilo sasa ni gongo la kuulia nyoka," walimtania.

"Basi niacheni na gongo langu."

Diederik alimwonea huruma. Mke wa mzee alifia katika kambi ya wafungwa ya Waingereza. Mwanawe wa pekee, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa mfungwa ng'ambo, huko Seloni. Akifukuzwa, aende kwa nani?

Alimkuta akinywa kahawa ya mahindi yaliyounguzwa.

"Shika, Mjomba, utake usitake. Sasa kamanda hana la kusema."

Mzee aliipokea kwa shingo upande. Kidole gumba chake kilipita kwenye kitako, palipochongwa pembe mbili ndani ya duara, kikasimama. Diederik alikuwa ameiona alama hiyo, akaidhania pambo. Makaburu na kuchonga vitako, nani atawaweza?

"Umeitoa wapi?"

"Kwa msaliti mmoja pale kivukoni. Nimempiga mwenyewe."

"Alikuwa kijana?"

"Kijana, ndiyo. Mwekundu wa nywele."

Mzee aliweka kikombe chini.

"Hii ni chapa ya ng'ombe wangu," alisema.

Kisha aliivuta Mauser yake, akaifungua mbele ya Diederik. Ndani mlikuwa na risasi tano, zimekaa kama siku zilipotiwa.

"Hazikuniishia, Diederik. Niliogopa nisije nikampiga mwanangu."