Anayeamini Anaongeza Moja

Joka lilikuwa limebakiza pumzi chache tu wakati mlango wa ukumbi wa chakula wa hoteli ulipofunguliwa, akaingia Ndugu Sylvesta, afisa utumishi kutoka makao makuu Arusha, ukungu wa Ngorongoro ukimfuata mgongoni. Kwapani alibana bahasha ya kaki. Alimwacha dereva wake nje, na mlango akaufunga mwenyewe.

Elimringi, mhudumu mkuu, alisimama kama mtu aliyefumaniwa. Mezani palikuwa na ramani ya pango, vifuniko vya soda vilivyosimama badala ya askari, na dadu ya pande ishirini. Ilikuwa saa tisa mchana, siku ya kazi.

Si kwamba kazi ilikuwapo. Tangu mpaka wa Kenya ufungwe, wageni walikuja kwa kudondoka, na hoteli ilibaki na watumishi tisa wa kutandika vitanda visivyolaliwa. Mmarekani mmoja alisahau kisanduku cha mchezo chumbani, Elimringi akakisoma kitabu cha maelekezo kilichokuwamo mpaka jalada la nyuma, na tangu hapo Bertha mpishi, Piusi dobi na Koinet mlinzi wakawa wachawi watatu wa mchezo. Kitabuni joka lilikalia dhahabu. Koinet alikataa katakata kufa kwa ajili ya dhahabu, ikabidi joka liibe ng'ombe.

Balaa lililetwa na Josephati wa stoo, ambaye mdomo wake hauna breki. Alisimulia kilabuni Karatu kwamba hotelini kwao watu wanashikana mikono na kuua kwa uchawi. Hakusema wanaua nini. Josephati huyo huyo ndiye aliyeleta habari kwamba Sylvesta kaandikiwa uhamisho wa Mpanda na mkurugenzi wake, na kwamba siku hizi hasira zake hazishikiki. Elimringi alikuwa na miaka kumi na mmoja kazini na watoto wanne Machame. Alipoitazama ile bahasha aliona barua tisa za kufukuzwa kazi, na ya kwanza ilikuwa yake.

"Nielezeni huo uchawi unafanyaje kazi," alisema Sylvesta, akavuta kiti.

Elimringi alieleza kwa sauti ya mtu anayejisomea mashtaka. Wachawi watatu wanashikana mikono na kurusha dadu moja. Wakipata kumi na tano au zaidi, joka linakufa. Ila watazamaji nao wamo: kila anayeamini anaongeza moja, kila anayebeza anapunguza moja.

Sylvesta aliuliza kama anayerogwa ni lazima awepo. Elimringi akajibu kwamba hapana, joka lenyewe liko pangoni, mbali. Sylvesta akataka kujua mbali kiasi gani, kama hapa na Arusha? Kisha akasema na yeye ahesabiwe. Yeye anaamini.

Elimringi aliuona mtego wote ulivyotegwa. Uchawi ukifaulu, afisa atakuwa ameushuhudia kwa macho yake, tena akiwa mmoja wao. Ukishindwa, basi ni mchezo wa watu wazima wasio na la kufanya, na mchezo haujawahi kumfukuzisha mtu kazi. Ilikuwa lazima washindwe. Aliwakazia macho wale watumishi watano wengine waliozunguka meza kutazama, akatikisa kichwa kidogo tu.

Watu waliozoea mikutano humjua mwenyekiti anataka nini kabla hajatamka. Wanne wao, wale wale waliokuwa wakishangilia miezi mitatu mpaka sauti zinawakauka, sasa walianza kuguna. Nashilu wa usafi alisema hajapata kuona upuuzi wa namna hii. Josephati, ambaye kwa kubeza ndiye aliyewapotezea ushindi wiki nenda wiki rudi, alibeza kwa raha ya mtu aliyepewa kibali.

Bertha alirusha. Dadu ilizunguka, ikagonga kikombe cha chai, ikatulia kwenye kumi na nane.

Elimringi alihesabu kwa vidole chini ya meza. Toa watano wanaobeza, zinabaki kumi na tatu. Ongeza Ndugu Sylvesta, kumi na nne.

"Tumeshindwa," alisema, na hakukumbuka lini mara ya mwisho alifurahi hivyo.

Sylvesta aliichukua dadu, akaigeuzageuza. "Hata na imani yangu?"

"Hata na imani yako, mzee. Huu ni mchezo tu. Ingekuja ishirini kamili, nje ya meza hii asingeumwa hata kuku."

Sylvesta aliwageukia wengine, akamuuliza mmoja mmoja. Wote waliapa kwamba hakuna uchawi wowote: Bertha kwa Biblia, Koinet kwa ng'ombe wa baba yake, Josephati kwa kila alichoweza kukumbuka. Elimringi alipumua kwa mara ya kwanza tangu mlango ufunguliwe.

Sylvesta aliifungua bahasha. Akatoa picha ya mkurugenzi wake na kifungo cha shati kilichofungwa uzi mwekundu, akavitazama kwa huzuni, akavirudisha.

"Kumbe mnacheza," alisema, akipapasa mfuko kutafuta kalamu. "Saa za kazi."