Mbeleko Isiyo na Fundo

Zawena, fundi cherehani, alibuni mbeleko isiyofungwa fundo: ilishikwa na mikanda na vifungo alivyovitoa kwenye mabegi makuukuu. Alitaka kuwauzia akina mama wa sokoni. Siku ya kuionyesha, Bi Kidawa mkunga aliivutavuta, kisha akamuuliza taratibu, "Mwanao umeshambeba humu?"

"Nimebeba mchele, bibi. Kilo kumi na tano."

"Mchele hauchezi."

Zawena akamchukua binti yake, akamweka mgongoni, akabana vifungo. Lakini mikono yake ilibaki nyuma, imemshikilia mtoto.

"Sasa mwachie," Bi Kidawa alisema.

Mtoto alicheka, akaanza kurusha miguu. Zawena akafumba macho, akalegeza kidole kimoja, kisha cha pili.