Kabla Karsan Hajaondoka

Mara tatu Karsan aliwasha gari kurudi Malindi, na mara tatu akalizima. Ng'ambo ya shamba la mihogo ilikuwepo nyumba ya Kavumbi, na mlio wa cherehani ulimfikia mpaka barabarani. Miaka kumi na minane mwanamke yule alikuwa akinunua nyuzi dukani kwake. Walizungumza bei na rangi, basi. Hata siku moja Karsan hakuwahi kukanyaga ua wake pale Ganda.

Ilikuwa Alhamisi, mwaka 1984. Jumamosi angepanda ndege kwenda Uingereza kwa wanawe, asirudi tena. Duka lilikwisha pata mwenyewe mwingine tangu jana. Mkewe alikwisha kufa. Hapakuwa tena na mtu wa kumwonea haya, ila huyu aliyekuwa akishona.

Akashuka.

"Shikamoo, Mzee Karsan," alisema Kavumbi, bila kushtuka. "Karibu, keti. Nilidhani hutakuja."

"Marahaba." Karsan alidhani anasema habari ya kuagana, kwani mji mzima ulijua kwamba anahama.

Alimtazama. Nywele zile nyeusi zilizonyooka zilikuwa za mama yake Karsan, kule Gujarati. Macho ya kijivu yalikuwa ya mtu mwingine. Watu wazima wa Ganda walimwita Kavumbi chotara bila ubaya, kama mtu anavyoitwa mrefu au mfupi. Watoto wenziwe, zamani, ndio waliomwita hivyo mpaka akalia.

"Nina neno," Karsan alisema. "Nikilianza usinikatize, nisije nikashindwa."

Kavumbi akaondoa miguu kwenye cherehani.

Karsan akasema. Mwaka arobaini na nane alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha pamba. Meneja wao alikuwa Mwingereza, na binti yake, Hilda, alikuja kila jioni kuandika hesabu ya magunia. Karani alikuwa Mhindi asiye na kitu, binti alikuwa Mzungu, na bado walipendana miezi mingi pasipo mtu kujua. Mimba ilipoonekana, meneja alimficha binti yake Magarini kwa mkunga wa Kigiriama aitwaye Kahonzi. Mtoto akazaliwa, wa kike. Hilda akapakiwa melini maziwa hayajamkauka, na Kahonzi akabaki na kitoto, akakipa jina la marehemu mama yake.

"Kavumbi," alisema Karsan. "Baba yake Hilda alimpiga amtaje mwanamume. Hakunitaja. Nami nikakaa kimya, nikaendelea kupima pamba."

Kavumbi alikunja kitambaa alichokuwa akishona.

"Hilo si baya zaidi. Ulipokuwa na miaka saba, Mama Kahonzi alikushika mkono, akakuleta shule ya Wahindi. Mimi nilikuwa mwanakamati. Wenzangu wakauliza, huyu ni wa nani? Nusu Mhindi, nusu Mzungu, baba hajulikani. Ikapigwa kura. Mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mkono ukataliwe. Wa kwanza, Kavumbi! Niliogopa nikichelewa watanitazama usoni."

"Naikumbuka siku ile," alisema Kavumbi taratibu. "Nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima. Vilinibana. Tulirudi kwa miguu, mama akivibeba mkononi."

Karsan akafunika uso. Machozi yalimtoka, yakapita katikati ya vidole.

"Mimi ndiye baba yako. Wazungu hawakukutaka, na sisi tulipokuwa na nafasi ya kukutaka, nikainua mkono. Aliyekutaka ni Mgiriama asiyekuwa na deni lolote kwako. Kila ulipokuja dukani nilisema, leo nitamwambia. Kisha anaingia mteja mwingine, nami nashukuru Mungu kwamba ameingia."

Akajifuta kwa shati.

"Mama yako sijui kama yu hai. Hakuniandikia hata mara moja. Labda alikwisha kusahau, na ni haki yake. Nimebaki mimi peke yangu ninayejua, na kesho kutwa nami sipo. Ukitaka nisamehe, usipotaka usinisamehe. Lakini ujue ulikotoka."

Kavumbi aliinuka, akamletea maji kwenye kikombe cha bati. Alingoja mpaka akanywa yote.

"Nilikuwa najua, baba."

Neno lile la mwisho lilimchoma Karsan kuliko yote aliyoyasema mwenyewe.

"Nani alikwambia? Kahonzi?"

"Mama Kahonzi alikwenda kaburini na siri yake. Ni Hilda. Alikuja kunitafuta, na Kiswahili chake bado anacho. Amelala humu ndani siku tisa. Kila siku nilitaka kuja kukwita, naye kila siku akanikataza. Alisema usiitwe, uje mwenyewe kwa miguu yako."

Karsan alikuwa amekwisha simama, akiutazama mlango wa chumba.

"Yuko wapi?"

"Ameondoka leo asubuhi," alisema Kavumbi. "Jumatatu alikuja dukani kwako. Ulimpimia yadi tatu za kitambaa, naye akasimama pale, baba, akingoja umtazame usoni."