Mguu wa Pili

Mvua ya kwanza ya masika ilipokatika, watoto wa nyumba mbili zinazotazamana walikuwa rangi moja ya tope, kuanzia nywele hadi kucha. Mwanahawa alitoka na ufagio.

"Mara ngapi nimewaambia msicheze na watoto wa yule mwanamke?"

Yule mwanamke, Sikudhani, mke wa mdogo wa mume wa Mwanahawa, alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. "Wafungie ndani basi! Wangu wasije wakaambukizwa roho yako mbaya."

Mwanahawa akamdaka mdogo kuliko wote, akamsimamisha ndani ya beseni na kumsugua kwa dodoki kama sufuria iliyoungua. Hasira zake zote zilikuwa kwenye dodoki lile. Tope lilipotoka usoni, mkono wake ukaganda. Mtoto hakuwa wake. Alikuwa wa Sikudhani, na mwaka mzima hakuwahi kumgusa.

Ng'ambo ya ua, mikono ya Sikudhani ilishuka taratibu kutoka kiunoni.

Mtoto alikuwa amefumba macho, uso umejaa povu.

"Mama mkubwa," alisema, akiinua mguu wa pili, "bado huu."