Kwangu Siyo Kwetu

Tangu sheria ikataze mtu kulaza nyumba yake mahali pamoja zaidi ya siku mbili, Bi. Mwanahawa aliishi ndani ya gari lake kuukuu, akiliendesha mwenyewe na kulitukana kila penye mlima. Leo mpwa wake, fundi Mbelwa, alilitia akili mpya, jokofu, na kitanda kinachokanda mgongo. Kisha akang'oa usukani.

"Shangazi, sasa kazi yako ni kusema tu."

"Huo usukani niachie. Nitatungikia vikombe."

Mbelwa akashuka. Gari likaenda taratibu, chai isimwagike hata tone. Lilipokaribia njia panda ya Mombo, Bi. Mwanahawa akaiona milima, kule kilikozikwa kitovu chake.

"Nipeleke kwetu," akasema.

"Uko kwako, Bi. Mwanahawa," gari likajibu kwa upole.

"Nimesema kwetu, siyo kwangu!"

"Humu umesajiliwa peke yako."

Njia panda ikapita dirishani. Bi. Mwanahawa akaketi kitandani, akaupakata usukani na kukata kona kulia kwa nguvu zake zote. Gari likanyoosha mbele, na kitanda, bila kuombwa, kikaanza kumkanda mgongo.