Shada la Miaka Ishirini

Duka la maua la Tukuyu halikumuuliza tena mteja anataka maua gani. Mashine ilisikiliza sauti yake, ikajua yaliyomo moyoni, ikachagua yenyewe.

Tusajigwe alipiga simu kutoka kazini kumwagizia mumewe, Ambakisye, shada la kutimiza miaka ishirini ya ndoa. "Mwandikieni nampenda," alisema.

Picha ya shada ilipomfikia, alipigwa na butwaa. Yalikuwa maua meupe, ya kuagana.

Akapiga tena dukani. "Dada, badilisheni!"

"Limeshapelekwa, mama. Na mashine haidanganyiki."

Alikimbia nyumbani. Ambakisye alikuwa akiyatia maua kwenye jagi.

"Mama Lusajo," alisema taratibu, "nami nimekuagizia lako asubuhi."

Mtu akabisha hodi. Hakuna aliyekwenda kufungua.